Sauti Ilifika, Maneno Hayakufika

Vijana wa spika na waya, mimi ni Laurenti wa Nyamiaga. Nusu ya Ngara hunitaja Raurenti, na nimeitikia yote mawili maisha yangu yote. Nilianza na redio za mbao zenye kitambaa mbele, nikaishia kwenye hizi zenu zinazoongea na simu bila waya. Niliacha kazi mkono ulipoanza kutetemeka. Mkono unaotetemeka na risasi ya kuungia waya iliyoyeyuka havifai kukaa meza moja, na kovu hili kwenye goti ni ushahidi.

Mmeniuliza nilijifunzia wapi kupanga vipaza sauti. Mnategemea nitaje chuo. Nilijifunza kwa fundi cherehani ambaye sikio lake la kushoto halikusikia kitu, na kabla sijajifunza nilimdhihaki mbele za watu. Nitawaeleza ilivyokuwa.

Jumapili baada ya misa ya pili tulikuwa tunakutana kwenye kibanda changu pale mjini. Hatukuwa chama chenye muhuri wala katiba. Tulikuwa watu sita au saba tuliopenda sauti. Kulikuwa na Mwalimu Sabasi, aliyefundisha fizikia sekondari, na katekista aliyetunza kipaza sauti cha kanisa. Kulikuwa na karani wa ghala la kahawa na wengine waliokuja na kwenda. Tulipasua redio, tukabadilishana kanda, tukabishana kuhusu spika ya inchi sita na ya inchi nane kama watu wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Mwalimu aliandika kwa chaki nyuma ya mlango wangu: USISEME, PIMA. Ndiyo ilikuwa sheria yetu. Mtu akisema redio yake inatoa sauti safi kuliko ya jirani, tunamwambia lete mita.

Speransia alikuwa na cherehani kwenye baraza la kibanda hicho. Surua ilimlia sikio moja akiwa mtoto, kwa hiyo alikaa daima ameelekeza upande wa kulia kwetu. Mwanzoni alikuwa anasikiliza tu huku anashona. Halafu akaanza kusema. Na neno lake la kwanza lilikuwa "Oya", ambalo kwa Kihangaza ni hapana.

Nakumbuka alivyotuingilia mara ya kwanza. Mfanyabiashara mmoja alitoka Mwanza na waya mnene unaong'aa kama shaba ya kengele. Akasema ukiunganisha spika kwa waya ule, sauti inakuwa tamu. Sisi, watu wa kupima, tukatundika kitenge katikati ya kibanda. Mimi nikakaa nyuma ya kitenge nikibadilisha waya, mara wa kawaida, mara ule wa kung'aa, na wenzangu mbele hawaoni. Wote wakachagua waya wa kung'aa. Mwalimu akashangaa, lakini akaandika kwenye daftari letu.

"Oya," Speransia akasema, uzi mdomoni. "Fundi kila akibadilisha anapunguza sauti, halafu anairudisha. Harudishi palepale."

Nilikasirika. Nilikuwa napunguza ili spika isilipuke kelele wakati wa kugusisha waya, kama fundi yeyote mwenye adabu. Mwalimu akasema tujaribu tena, safari hii nirudishe sauti kwa kufuata sindano ya mita, siyo kwa mkono. Tukafanya hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeweza kutofautisha waya na waya. Mkono wangu ulikuwa umeupenda ule wa kung'aa bila kuniuliza, ukawa unauongezea kidogo. Shikeni hili: kabla hujalinganisha vitu viwili, sawazisha sauti zao kwa kipimo. Kinachopiga juu zaidi, hata kwa unywele, sikio litasema ndicho kizuri.

Siku hiyo tulimcheka mfanyabiashara, hatukumshukuru Speransia. Tulimwona mtu wa bahati.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Nyinyi wengi hamkuwa mmezaliwa. Watu walivuka mpaka, na kwa siku chache wakawa wengi kuliko sisi wenyeji. Milima tuliyochungia mbuzi ikafunikwa na turubai. Kuni zilikwisha, bei za sokoni zilichanganyikiwa, barabara zetu zilijaa malori. Kuna mabaya mengi ya miaka ile na kuna watu wa kuyasimulia vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa fundi, na kazi niliyopewa ilikuwa ya matangazo katika kambi moja upande wetu wa Ngara.

Matangazo yale yalikuwa ya maji, ya chanjo, ya mgao wa chakula. Lakini yaliyosikilizwa kwa moyo yalikuwa ya waliopoteana. Watoto walipotelewa na wazazi njiani, wakaokotwa na watu baki, wakaletwa kwenye kituo cha watoto kambini. Msomaji wa matangazo aliitwa Kasiani, naye mkimbizi, mwalimu wa zamani mwenye koo zuri. Kihangaza chetu na lugha yao ni ndugu, kwa hiyo tulielewana bila mkalimani.

Nilikuta honi moja, yaani spika yenye mdomo wa tarumbeta, imefungwa juu ya nguzo mlimani. Watu wa mabondeni walilalamika kwamba sauti ni ndogo. Nikalipeleka jambo hilo kwenye kundi letu la Jumapili, na jamani, tulifurahi! Miaka yote tulikuwa tunacheza na redio, sasa tuna kazi ya maana. Mwalimu Sabasi alichora ramani. Tukaamua ziwe nguzo nne, kila moja na honi yake, kambi nzima izungukwe. Akatengeneza na kipimo: maiki ndogo, ubao wa redio mbovu, na sindano ya mita ya zamani. Tulitembea nacho kutoka turubai hadi turubai kabla na baada ya kufunga nguzo mpya. Kila mahali sindano ilipanda. Kwenye bonde la mbali ilipanda mara tatu.

Jumapili hiyo tulichinja kuku. Mwalimu alisoma namba kutoka kwenye daftari, moja baada ya nyingine, na kila namba tulipiga makofi.

Speransia akasimamisha cherehani. "Sauti mmepata," akasema. "Maneno yamepotea."

Alikuwa anakwenda kwenye soko la kambini siku mbili kwa wiki kurekebisha nguo. Mwalimu akamuuliza kwa upole, "Umepima?"

"Sijapima."

"Basi tuletee namba, dada yangu. Bila namba tutabishana mpaka jioni."

"Sina namba. Nina Konsolata wawili."

Hatukuelewa. Akaeleza kwamba wateja wake wawili, wanawake wasiojuana, wote kwa jina Konsolata, walikwenda ofisini kwa siku tofauti kwa sababu walisikia wanaitwa. Kila mmoja aliambiwa hakuitwa. Wa pili alifokewa kwamba anatafuta mgao wa bure. "Nimemuuliza Kasiani," Speransia akasema. "Hajamwita Konsolata yeyote. Anamwita Imakulata, mama wa mtoto aitwaye Erike. Sasa mnamwita Imakulata, wanakuja Konsolata. Hiyo siyo kipimo?"

Karani akasema watu wakiwa na shida husikia wanachotaka. Katekista akasema wanawake wa sokoni wanapenda stori. Na mimi, ambaye nguzo zilikuwa zangu na waya ulikuwa wangu, nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka hata leo nabadilisha upande wa kitanda.

"Speransia, wewe una sikio moja. Sisi tuna mawili, na mita juu yake."

Wote wakacheka. Mwalimu hakucheka, lakini pia hakunikemea. Speransia alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akafunika cherehani kwa kanga, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakufungua. Hata siku za kazi alihamia baraza la upande wa pili wa barabara.

Kazi ikaendelea. Jumatatu moja nilikwenda kambini kukaza nati za nguzo, nikamkuta Kasiani ameketi nje ya kibanda cha matangazo anakunywa maji ya moto yenye chumvi. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Fundi, honi zako zinafika wapi?" akaniuliza.

"Zinafika kote. Nimepima mwenyewe."

"Nimemwita mama wa Erike wiki mbili. Mtoto anasema walifika pamoja mpaka kwenye kivuko, wakaachana kwenye msongamano. Kwa nini mama huyu haji? Alhamisi wanampakia mtoto lori, yeye na wenzake ambao hawajapata mtu. Wanapelekwa upande wa Biharamulo."

Kupelekwa Biharamulo wakati ule, kwa mtoto wa miaka minne asiyejua jina la baba yake vizuri, maana yake ilikuwa kufungua jalada jipya, kambi mpya, orodha mpya. Mama akiamka akaja Ijumaa, aanzie wapi?

Nikateremka bondeni. Nikasimama kati ya turubai, nikamsubiri Kasiani asome. Nikasikia vizuri kabisa: Imakulata, mama wa Erike, fika kituo cha watoto. Nikatabasamu. Nikaanza kupanda. Halafu nikasimama, kwa sababu kuna kitu kilinichoma. Kasiani alikuwa amenisomea tangazo lile dakika kumi zilizopita. Nililijua kabla halijatoka kwenye honi. Likafuata tangazo lingine ambalo sikulijua. Nikasikia kelele nyingi zenye umbo la mtu anayeongea, na sikuokota hata neno moja.

Siku zote tulizotembea na kile kipimo, aliyesoma matangazo ya majaribio alikuwa mmoja wetu, na yalikuwa yaleyale. Vijana, ukijua kinachosemwa, sikio lako linakuazima maneno. Usijipime kwa wimbo unaoujua.

Nilipanda baiskeli moja kwa moja hadi mjini, hadi baraza la upande wa pili.

"Shikamoo," nilimwambia. Alikuwa amenizidi miaka mitatu tu, na sikuwahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Nilisema vibaya siku ile. Nilikosea kuhusu sikio na nilikosea kuhusu honi."

"Kuhusu sikio hukukosea. Ni moja." Akakata uzi. "Wewe mwenye mawili, likichanganyikiwa hili, jingine linakusaidia. Mimi pakiwa na kelele mbili sina pa kukimbilia. Ndiyo maana nilisikia kabla yenu. Umekuja kuomba radhi au una kazi?"

"Vyote. Lori ni Alhamisi."

Hapo ndipo aliposimama. Aliuliza maswali mawili matatu, kisha akapanga jaribio ambalo nimelitumia kila mahali nilipofunga kipaza sauti tangu siku ile. Akaandika majina ishirini kwenye karatasi bila kunionyesha, akaikunja, akampelekea Kasiani kesho yake asubuhi. Akawachukua wanawake sita wanaojua kuandika, wateja wake, akawagawa sehemu tatu za bonde. Mimi na Mwalimu Sabasi tukapewa penseli kama wengine. Mwalimu alikuwa ameacha kipindi akaja. Nilipomweleza njiani hakujitetea.

Kasiani akasoma majina kupitia honi zote nne. Mimi mwenye masikio mawili nilipata manne. Mwalimu alipata matatu. Wanawake walikuwa hivyohivyo. Na pale Kasiani aliposoma Imakulata, watu watano kati yetu tulikuwa tumeandika Konsolata.

Kisha nikakata waya wa nguzo tatu, ikabaki ile ya zamani peke yake. Speransia akatoa karatasi nyingine. Sauti ilikuwa ndogo, ilibidi tukae kimya. Nilipata kumi na saba.

Mwalimu alikaa juu ya jiwe, akapiga hesabu kwenye kiganja. "Laurenti, kutoka nguzo hadi nguzo ni hatua ngapi?"

"Mia tatu na kitu."

"Sauti inachukua karibu sekunde nzima kutembea hapo. Kasiani akisema neno, honi ya karibu inalileta sasa. Ya mbali inalileta wakati honi ya karibu imeshaanza neno linalofuata. Mwanzo wa kila neno unafunikwa na mkia wa neno lililopita. Kinachobaki ni mwisho." Akaniangalia. "Ima-ku-lata. Konso-lata. Tumejenga mwangwi kwa mikono yetu, tukaupigia makofi."

"Sindano ilipanda," nikasema, kama mtu anayemtetea ndugu yake aliyekwisha kuhukumiwa.

"Sindano haijui kusoma," Speransia akasema.

Mchana ule tulishusha honi tatu na kuzipandisha zote kwenye nguzo moja mlimani, mdomo kila upande, ili sauti itoke mahali pamoja. Nilipunguza besi karibu yote. Besi inapendeza kwenye muziki, lakini kwenye matangazo ya mbali inabeba uzito usio na maneno. Kasiani akaambiwa ataje jina, ahesabu moja mbili moyoni, ndipo aendelee. Kwa mtaa wa mwisho, nyuma ya mlima, tulikubali kwamba honi haitafika, tukaomba mtu atembee na spika ya mkononi.

Jumatano saa nne asubuhi Kasiani akasoma. Hatukungoja hata robo saa. Mwanamke alipanda kutoka bondeni akikimbia na sufuria mkononi, maharage yamemwagikia nguo, hajajua kama ameishika. Nilikuwa juu ya ngazi. Sikuona walivyokutana, kwa kuwa kituo kilikuwa nyuma ya ua, ila nilisikia, na kwa jambo lile sikuhitaji kipimo.

Baadaye alitoka na mtoto mgongoni, akaja kumshukuru Kasiani. "Kila siku nilisikia mnamwita Konsolata," akasema. "Mama aliyetafutwa na mtoto wake, naye haji. Nilimwonea huruma sana. Nikawa namwombea jioni."

Wiki mbili alijiombea mwenyewe kwa jina la mtu mwingine, hatua mia tano kutoka kwa mtoto wake, chini ya honi niliyoifunga mimi.

Jumapili Speransia alirudi barazani kwetu. Mwalimu alitaka tumpe cheo. Alisema kila kundi la kisayansi lazima liwe na mtu wa kupinga, basi yeye awe mpingaji wetu rasmi. Speransia alikataa palepale.

"Mkinipa cheo cha kupinga, nitapinga hata ninapokubali, na nyinyi mtanisikiliza kama mnavyosikiliza saa ya ukutani. Nikiona kitu nitasema. Nikiwa nimekosea, nionyesheni."

Na alikosea, msidhani alikuwa nabii. Alishikilia kwamba betri za redio zilizochoka ukizianika juani zinapata nguvu za wiki nzima. Tulizianika, tukazipima. Asubuhi sindano ilipanda kidogo, jioni ilikuwa imerudi kulala. Alichukua daftari akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa fundi nguo: Betri, Speransia amekosea. Akatia sahihi. Mara nyingine alitupotezea Jumapili nzima kwa jambo ambalo mwishoni lilikuwa upepo. Nilijifunza kuihesabu Jumapili ile kama bei ya zile nyingine. Pia tulibadilisha yale maandishi ya mlangoni. Mwalimu aliongeza kwa chaki chini yake: NA MWENYE SHAKA ASEME KABLA HAJAPIMA.

Wakimbizi walirudi kwao. Turubai zikaondoka, nyasi zikaota, nguzo yangu ikaangushwa ikawa kuni. Speransia alipata shamba kwa kaka yake aliyeko Nyabusozi, kule Biharamulo, akahama na cherehani yake.

Kundi letu liliendelea, na kwa mara ya kwanza tulielewana kwa kila kitu. Mtu akileta spika, wote tunasema nzuri. Mtu akisema besi imezidi, wote tunasema kweli imezidi. Hakuna aliyegombana na mwenzake, nami nilidhani hayo ndiyo maendeleo. Jumapili moja nilipanga viti wakaja wawili. Iliyofuata alikuja Mwalimu peke yake. Tukasifiana redio zetu, akaaga mapema, na hapo ndipo lilipoishia. Hakuna aliyelifunga. Lilikosa tu sababu ya kukutana.

Baada ya miaka kadhaa nilitengeneza amplifaya kwa ajili ya kanisa moja la huku kwetu. Ilikuwa kazi nzuri, mbao nilipiga msasa mwenyewe. Kila niliyemsikilizisha aliisifu, na kadiri walivyoisifu ndivyo nilivyokosa raha. Nikaifunga kwa blanketi, nikapanda basi hadi Biharamulo, nikauliza njia hadi Nyabusozi.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nywele zilikuwa nyeupe. Alinikaribisha, akaniulizia Mwalimu, akaniulizia goti. Kisha akageuza kiti, sikio la kulia mbele, nikaunganisha betri ya gari na maiki. Nikampa binti wa kaka yake asome ukurasa wa kitabu cha shule. Speransia alisikiliza macho kafumba, mahindi mkononi.

"Wangapi wameisikiliza kabla yangu?" akauliza.

"Kama watu kumi na wawili."

"Wanawake wangapi wameongea kwa maiki yake?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimeijaribu kwa sauti yangu, ya paroko, ya wanakwaya wa besi, zote nzito. "Hakuna."

"Huyu binti anasoma herufi s, mimi nasikia f. Na kanisani kwenu anayesoma masomo ni nani?"

"Akina mama."

Akaweka gunzi chini, akafuta mikono kwenye kanga, akanisogezea kigoda.

"Basi ifungue skrubu," alisema.